Naongoza kikundi cha Biblia huku mwenyewe nimekauka. Niachie ngazi?

NuruYaJioni aliandika:

Bwana asifiwe, wapendwa. Uzi wangu ni mrefu, mnivumilie.

Nina miaka 27. Nimekulia kanisani: nilibatizwa mtoto, nikapata kipaimara, nyimbo nazijua bila kitabu. Lakini kumfuata Kristo kwa maana ya mimi mwenyewe kuamua, hilo lina miaka miwili tu. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa ajabu. Injili ya Marko niliisoma usiku mmoja kama mtu aliyepata barua iliyokuwa imepotea njiani miaka mingi. Nikajiunga na kikundi cha kujifunza Biblia cha Jumanne jioni, watu tisa. Nilikaa kiti cha karibu na mlango, nikauliza maswali mpaka wengine wakawa wanacheka.

Miezi mitano iliyopita kaka aliyekuwa anatuongoza alihamishwa kikazi. Siku ya mwisho alinikabidhi daftari lenye majina yetu na mada alizokwisha kufundisha, akasema, "Utaweza tu, wewe una moto." Basi. Hayo ndiyo mafunzo yangu yote ya uongozi.

Sasa niwaambie hali ilivyo. Jumatatu usiku, saa nne hivi, nafungua Biblia kutafuta neno la kesho. Nalitafuta kama mtu anayepapasa funguo ndani ya mkoba gizani. Nikipata kifungu kinachotoa pointi tatu, nafunga. Kuanzia Jumatano Biblia haiguswi. Wiki iliyopita niliikuta na kalamu ndani yake, ukurasa ule ule nilioufunga Jumanne. Mbele ya watu naomba dakika kumi bila kukwama. Nikiwa peke yangu chumbani sifikishi mbili. Na maombi yenyewe si yangu. Juzi nilijisikia nikisema "tunanyenyekea chini ya mkono wako" kwa sauti ya yule kaka, hadi ile pumzi anayovuta kabla ya amina.

Kilichonivunja ni Jumanne iliyopita. Somo lilikuwa maombi. Kuna mama mmoja mkimya, mwanawe anaumwa muda mrefu sasa. Akauliza taratibu: "Wewe kiongozi wetu, ukiomba usijibiwe, unafanyaje?" Nikajibu papo hapo kwamba majibu ya Mungu ni matatu: ndiyo, hapana, na subiri. Watu wakaandika. Yeye hakuandika. Alifunga daftari lake, akaliweka mapajani, akaniangalia kwa huruma. Huruma ile ndiyo inayoninyima usingizi, kwa sababu jibu lile sikulipata nikiwa nimepiga magoti. Nililiokota mahali.

Halafu kuna mzee mmoja kwenye kikundi, umri wa baba yangu. Akishika neno haliachii. Dakika arobaini! Naogopa kumkatiza, na wenzangu wananitazama mimi wakisubiri nifanye kitu.

Je, niachie ngazi nikue kwanza? Na kama nisiachie, mtu anakuaje kiroho huku kuna watu wanamtazama yeye? Huyo mzee nimfanyeje? Nijibuni kwa upendo, ila msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

---

Msema_Kweli_7:

Achia.

1 Timotheo 3:6, "Wala asiwe mtu aliyeongoka karibuni, asije akajivuna akaanguka katika hukumu ya Ibilisi." Miaka miwili ni karibuni. Tumejaza makanisa watu waliopewa kipaza sauti kabla hawajaota mizizi, halafu wakianguka tunashangaa. Aliyekupa daftari alikosea, na wewe ulikosea kulipokea. Rudi kiti chako cha mlangoni, hakuna aibu. Yakobo 3:1 nayo isome kabla hujalala.

Umesema usipakwe mafuta. Sijakupaka.

---

Bibi_wa_Zaburi:

Binti yangu, nimeusoma uzi wako mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye ile kalamu.

Mimi nimeongoza vikundi vya akina mama tangu mwaka 1994. Kalamu yangu ilikuwa nyekundu. Nilikuwa siwezi kusoma Zaburi hata moja bila kuweka pembeni alama ya "hii Alhamisi" au "hii kwa wajane". Nilijiona nasoma sana. Usiku mmoja, mwaka wangu wa sita katika kazi hiyo, mume wangu aliniuliza tukiwa tumekwisha kuzima taa: "Neno gani limekugusa wiki hii?" Nikaanza, "Kuna mahali katika Isaya, litawafaa sana akina mama kwa sababu..." Akanikatiza. "Sikuuliza litamfaa nani." Kisha akageukia ukutani akalala. Mimi sikulala. Nilitafuta neno moja, moja tu, lililokuwa langu, tangu Januari. Na huo ulikuwa mwezi wa nane.

Kuna mstari katika Wimbo Ulio Bora, sura ya kwanza, wa msichana aliyewekwa alinde mashamba ya mizabibu ya watu, shamba lake mwenyewe akaliacha bila mlinzi. Niliusoma miaka mingi nikidhani ni habari ya mapenzi tu.

Nilichokifanya ni kidogo, nakupa kama kilivyo. Kitabu ninachofundisha sikisomi asubuhi. Nikifundisha Waefeso, asubuhi niko kwa Hosea, na Hosea haendi popote. Asubuhi hakuna kalamu. Tena nilijiwekea sheria: ninachokipata asubuhi sikipeleki kwa akina mama mpaka kikae nami mwezi mzima. Mwanzoni mkono ulikuwa unawasha kabisa! Unaona kito, huna ruhusa ya kukiuza. Lakini baada ya wiki kadhaa nikagundua kwamba maneno mengi niliyokuwa nawahi kuyapeleka kwa wengine nilikuwa nayakwepa mimi. Ukisoma "samehe" kwa ajili ya Alhamisi, huna haja ya kumkumbuka dada yako ambaye hamsemezani.

Soma Marko 1:35 na kuendelea. Bwana anaamka alfajiri, anakwenda mahali pasipo watu, anaomba. Simoni anamfuata na ujumbe ambao kiongozi yeyote angeupenda: "Watu wote wanakutafuta." Jibu lake ni kwamba twendeni mahali pengine. Hakurudi kwa waliokuwa wanamtafuta. Mimi mpaka leo mstari ule unanisumbua.

Kuhusu kuomba kwa maneno ya yule kaka, usijichape sana. Wanafunzi wenyewe walisema "Bwana, tufundishe sisi kusali", na Zaburi zote ni maneno ya watu wengine tunayoyaazima. Ila chumbani, dakika zako mbili ziwe za kweli. Usizivute zifike kumi. Mwambie tu, "Bwana, nimechoka na sina la kusema," kisha unyamaze.

Mzee. Neno linasema, "Mzee usimkemee, bali umwonye kama baba." Humkatizi baba mbele za watu, binti yangu, lakini unaweza kumwendea kabla. Mwendee Jumamosi. Msalimie kama inavyompasa, kaa, muulize habari zake mpaka amalize. Kisha muombe msaada, maana kumuomba mzee msaada ni kumheshimu: "Baba, kuna watatu pale hawajawahi kufungua kinywa. Naomba unisaidie wafunguke." Mpe kazi ya kusoma kifungu kwa sauti. Mara nyingi mzee anayesema sana hadharani ni mzee ambaye nyumbani haulizwi kitu.

Na yule mama mwenye mgonjwa, mwendee pia. Usibebe jibu.

---

kijana_wa_rafu_za_chini:

Kaka Msema Kweli, nakuheshimu, ila mstari huo umeubebesha zaidi ya uzito wake. 1 Timotheo 3 inaeleza sifa za mwangalizi wa kanisa, yaani mtu wa cheo cha askofu. Dada anaongoza watu tisa sebuleni. Tena Paulo huyo huyo anapompa Tito sifa za wazee wa Krete, Tito 1:5-9, orodha inafanana karibu yote, lakini hilo la "aliyeongoka karibuni" halimo. Wengi wanadhani ni kwa sababu makanisa ya Krete yalikuwa machanga. Usingepata hata mmoja aliyeongoka zamani.

Sisemi onyo halina maana. Kanisa lilijua hatari hiyo mapema: Mtaguso wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, uliweka kanuni, ya pili katika orodha yake, ikikataza watu waliotoka tu kwenye upagani na kubatizwa wasipandishwe haraka kuwa maaskofu au mapadri. Halafu angalia kilichotokea Milano mwaka 374. Watu wanamlilia Ambrosi awe askofu wao, naye ni gavana, hata kubatizwa bado! Akabatizwa, na wiki mbili hazikupita akawa askofu. Kanuni ilivunjwa mchana kweupe, na Kanisa likapata mmoja wa walimu wake wakubwa. Kwa hiyo miaka peke yake haitupi jibu.

Ambrosi huyo ndiye aliyembatiza Augustino, Pasaka ya mwaka 387, na Augustino ndiye ninayetaka dada amwangalie. Baada ya kubatizwa alikuwa anakwepa miji isiyo na askofu, kwa kuogopa asije akakamatwa akawekwa yeye. Hippo, mji wa Afrika Kaskazini, akaenda bila wasiwasi, maana askofu alikuwepo, mzee Valerius. Mwaka 391 watu wa Hippo wakamkamata hivyo hivyo, wakamsogeza mbele awe padri. Akalia machozi. Baadhi ya waliokuwapo wakadhani analia kwa sababu alitaka uaskofu, wakaanza kumbembeleza kwamba upadri nao si mbali na uaskofu. Hapo huwa nacheka kila mara.

Miaka minne tangu ubatizo, dada. Alifanya nini? Hakukimbia, wala hakujifanya yuko tayari. Alimwandikia Valerius barua akiomba muda mpaka Pasaka akae na Maandiko, akakiri kwamba ukubwa wa anachokikosa ameujua baada ya kuingia kazini, si kabla. Ombi hilo halikuwa la kuachia ngazi. Ninyi mnampa huyu dada milango miwili, abaki au atoke, na mimi nauona wa tatu: aombe muda, na aseme wazi anauombea nini.

---

Msema_Kweli_7:

Umeandika vizuri, mdogo wangu. Ila umeruka kitu kimoja. Augustino alikuwa na Valerius wa kumwandikia.

Huyu dada ana nani?

---

NuruYaJioni:

Asanteni. Mama, ile ya "sikuuliza litamfaa nani" nimeisoma nikiwa kwenye foleni nikalazimika kutoka.

Kaka Msema Kweli, swali lako limenikuta. Sina mtu. Mchungaji namsalimia mlangoni Jumapili, anauliza "kikundi kinaendeleaje?", najibu "Mungu ni mwema", ananishika mkono, na mtu wa nyuma yangu anasogea. Miezi mitano, mazungumzo yote ni hayo.

Nimefikiria hivi: Jumanne hii nisifundishe. Nikae nao niwaambie yote, kwamba sisomi, siombi, maneno ninayowaambia si yangu. Wanisamehe, wanisaidie. Angalau nitakuwa mkweli. Mnaonaje?

---

Mshirika_tu:

Dada, subiri kidogo kabla ya Jumanne. Mimi sijawahi kuongoza kitu, nimekuwa mshirika siku zote, kwa hiyo niseme kutoka upande wa viti.

Tuliwahi kuwa na kiongozi aliyeanza kama unavyotaka kuanza. Alitufungulia moyo jioni moja, tukalia naye, tukamwombea, ilikuwa nzuri kweli. Wiki iliyofuata akafungua tena. Na iliyofuata. Baada ya miezi mitatu tukawa hatuji kujifunza Neno, tunakuja kumuuguza. Kuna binti alikuwa amekuja kwetu amefiwa na mama yake, hakupata nafasi ya kulisema hilo hata mara moja, kwa sababu kila Ijumaa mgonjwa alikuwa tayari yupo, tena kwenye kiti cha mbele. Akaacha kuja. Hakuna aliyegundua mpaka mwezi umekwisha.

Unyofu ni mzuri. Lakini kuna vitu vya kuwaambia watu tisa na kuna vitu vya kumwambia mtu mmoja. Watu tisa waambie: "Lile jibu nililotoa lilikuwa jepesi, sijui jibu." Hilo linawahusu, liliwagusa wao. Ukavu wako wa miezi mitano mpelekee mtu aliyekuzidi umri katika Bwana, mlango umefungwa.

Wamethodisti wa kwanza walilijua hili. Vikundi vyao vilianza Bristol mwaka 1742, na asili yake wala haikuwa ya kiroho: kulikuwa na deni la jengo, ikaamuliwa kila mshirika achange senti kila wiki, na mtu mmoja apite kwa watu kumi na mmoja kuzikusanya. Walipopita nyumba kwa nyumba wakaanza kukuta mambo, huyu amerudi kwenye ulevi, yule ana ugomvi ndani. Wakusanya deni wakageuka walezi wa roho. Ni watu wa kawaida kabisa, hawakuwa wachungaji. Lakini kila kiongozi wa kikundi alitakiwa kuonana na mhudumu kila wiki. Aliyeuliza wengine hali ya roho zao alikuwa naye na mahali pa kutoa hesabu.

Na kwa kuwa tumewagusa Wamethodisti: mwanzilishi wao John Wesley mwenyewe, Machi 1738, akiwa na miaka karibu kumi ya upadri tayari, alifikia pale ulipo wewe. Alijiona hana imani, akataka kuacha kuhubiri. Alimuuliza Peter Böhler, mhubiri wa kanisa la Wamoravia, kijana kuliko yeye kwa miaka karibu kumi, kama aache. Böhler akamwambia hapana, ahubiri imani mpaka aipate, na akiisha kuipata ataihubiri kwa sababu anayo. Mei 24 mwaka huo huo, kwenye mkutano mdogo mtaa wa Aldersgate, London, ndipo aliposema moyo wake umepata joto. Mkutano ule hakuwa anauongoza yeye. Alikuwa amekaa kwenye viti, anasikiliza mtu akisoma. Kwa kweli alikwenda bila kupenda.

Ushauri wa Böhler sijui kama ningempa kila mtu, una hatari zake. Ninachokipenda ni kwamba Wesley alimuuliza mtu, na mwenyewe hakuona haya kumuuliza kijana.

---

Bibi_wa_Zaburi:

Namuunga mkono huyu wa viti. Na Sauli naye asingekuwa Paulo tunayemjua kama Barnaba asingefunga safari mpaka Tarso kumtafuta. Matendo 11:25. Walifundisha pamoja Antiokia mwaka mzima, na mwanzoni majina yanaandikwa "Barnaba na Sauli", mkubwa mbele. Wewe, binti yangu, ulipewa daftari bila Barnaba. Hilo si kosa lako, ila sasa umejua, nenda ukabishe hodi.

---

NuruYaJioni (wiki tatu baadaye):

Nimerudi. Samahani kwa kunyamaza.

Ujumbe wa kwanza kwa mchungaji niliuandika nikaufuta mara tatu. Wa nne ulikuwa mstari mmoja: "Mchungaji, naomba nusu saa, si kuhusu kikundi, ni kuhusu mimi." Akanipigia ndani ya dakika tano. Nilimweleza yote. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Nilidhani uko salama kwa sababu hujawahi kulalamika." Hakuniambia niache. Aliniambia kuna viongozi wengine wawili wa vikundi, nao walipewa madaftari hivyo hivyo, na kwamba kosa hilo ni lake. Sasa tunakutana wanne, Alhamisi jioni. Alhamisi ya kwanza alituuliza swali moja, mnaomba mkiwa peke yenu? Yule wa pili akaangalia sakafu kabla yangu. Nilifarijika vibaya, Mungu anisamehe.

Niliomba pia muda, kama Augustino. Wiki sita kikundi kitasoma Zaburi tu, tunasoma na kuuliza, mimi sifundishi. Na tunapokezana kuongoza usomaji.

Kwa mama yule nilikwenda Jumamosi. Nilijiandaa kusema vizuri, nikasema vibaya: "Lile jibu nililokupa si langu. Sijui kwa nini hajibu." Akatabasamu. Akaniambia, "La ndiyo, hapana na subiri? Nimeliandika kwenye madaftari matatu, mwanangu. Ndiyo maana siku ile sikuliandika." Kisha akanionyesha chumba alicholala mwanawe, tukasimama mlangoni. Hatukuomba kwa sauti. Nilimuuliza kama kuna Zaburi anayoipenda, akasema ya 88. Sikuwa naijua. Ni ile inayoishia gizani, haina hata mstari mmoja wa kufariji mwishoni. Anaipenda kwa sababu mtu yule analalamika kuanzia juu hadi chini na bado ilihifadhiwa katika Biblia. Jumanne aliisoma yeye mbele ya wote, kwa sauti ndogo. Tulikaa kimya muda mrefu. Nilitamani sana kuongeza neno la matumaini. Nilikaa nikiwa nimeshika magoti yangu kwa mikono miwili.

Mzee sasa. Nilifanya alivyosema Bibi, nikaenda, nikasalimu, nikasikiliza saa moja na nusu (nimejua habari za kazi yake yote tangu ujana). Nilipomuomba anisaidie wale wakimya waongee, alishtuka. "Kwani hawaongei?" Hakuwa ameona! Tukakubaliana nikifunga Biblia yangu ni ishara. Jumanne nikafunga. Akaniangalia, akaendelea. Nikafungua, nikafunga tena kwa kishindo kidogo. Akasema, "Eeh, binti yangu amenifunga," watu wakacheka mpaka yule mama. Ametoka dakika arobaini, yuko ishirini.

Asubuhi bado ni ngumu, siwadanganyi. Siku nne kati ya saba, na siku moja kati ya hizo nilisinzia. Nasoma Habakuki, kalamu nimeiacha ofisini. Jana nimefika pale anapoanza, "Ee Bwana, hata lini nitalia, wewe usitake kusikia?" na mkono ukaanza kutafuta kalamu wenyewe, kwa sababu mstari huo ni wa yule mama kabisa.

---

Msema_Kweli_7:

Ningali nasema miaka miwili ni michache. Ila sasa una wa kukukemea, kwa hiyo nimepunguza nusu.

---

Bibi_wa_Zaburi:

Habakuki ana sura tatu tu, binti yangu, utaimaliza upesi. Jumanne usiwasomee.